Gumegume

Sheha aliandika barua, polisi wakagonga muhuri,
nami nikaifunga bunduki ya babu kwa kanga mbili,
kichwani ya msiba, miguuni ya harusi,
nikaipakia botini Mkoani kama mgonjwa wa rufaa.
Baharia akauliza, "Nani huyu?"
"Mzee wetu. Anakwenda kupimwa."

Duka la Taibali liko Hurumzi,
mlango mfupi, unainama upende usipende.
Saa za ukutani kumi na moja, kila moja na adhuhuri yake.
Akatandika gazeti mezani,
akavaa kioo cha jicho moja.
"Hii," nikamwambia, "iliua chui."
"Chui wa wapi?"
"Wa kwetu. Msitu wa Ngezi."
Hakuinua kichwa. "Pemba haina chui, dada.
Haijapata kuwa naye."
Saa mbili tatu zikagonga. Hazikukubaliana.

Akapima mtutu kwa uzi. Akaunusa mdomo
kama mpishi anayenusa samaki asiyemwamini.
Akashusha mdeki ndani, ukagota mapema.
"Sikiliza." Akagonga tena. "Umezibwa.
Na hapa, penye mtambo, pangekuwa na tundu,
cheche ya jiwe ipite iifuate baruti.
Halikutobolewa. Fundi aliyeiunda
aliiunda isimame ukutani, bwana harusi aishike.
Haijalia hata siku moja."

Gumegume.
Neno hilo nalijua tangu utotoni:
bibi akimwita babu hivyo kila paa lilipovuja,
nasi tukicheka, tukidhani anaisema bunduki.

Nikaona haya mbele ya mtu asiyenicheka.
Nikahesabu upya kimoyomoyo: mabati ishirini na nne,
misumari, nauli, fundi Shaame na chai yake.
"Basi haina kitu?"
"Mtutu, chuma tu. Kitako, mti mzuri,
mchwa wameonja wakaacha. Lakini njoo uone."
Akanivutia taa.
Shingoni mwa bunduki pete nne za fedha,
na baina yake mikanda mitatu iliyopauka,
pale ubao ulipokaa miaka bila jua wala moshi.
"Zilikuwa saba. Hii imetolewa zamani,
kovu lake limeshafanana na wenziwe.
Hii baadaye. Hii ya tatu ni ya juzi juzi,
kama miaka thelathini.
Na aliyezitoa si mwizi. Mwizi hupasua.
Huyu alilegeza kwa mafuta, akasubiri."

Miaka thelathini.
Mwaka niliozaliwa kwa kisu,
Chake, hospitali, mama wiki tatu kitandani,
na hakuna aliyepata kunambia nani alilipa.

Akataja bei ya bunduki nzima,
akaitaja polepole, kama anayeshuka ngazi gizani.
Kisha akaleta mizani, akataja bei ya pete moja.
Nikamwomba mafuta ya nazi.
Tukangoja. Akanipa kahawa, akanieleza habari za goti lake.
Alasiri pete ikaachia, ikatoka kimya,
kama kidole kutoka kinywani mwa mtoto aliyelala.

Mabati tisa. Chumba cha mama, na nusu ya ukumbi.

Kwenye hati Taibali aliandika: pambo.
Daftari la polisi lilikuwa limeandika: silaha.
Kwetu haikuwa hili wala lile,
maana kila usiku mama huigandamiza mlangoni,
kitako sakafuni, mdomo chini ya ubao wa kati,
ndipo husoma dua zake akalala.

Nilifika Wete baada ya isha. Nikabisha.
Kitu kizito kikaburutwa ndani:
siku tatu alikuwa akifungia mchi wa kinu.
Akaipokea bunduki gizani, akaipapasa shingo,
moja, mbili, tatu,
vidole vikasita pale pabichi penye mafuta.
Hakuuliza.
Akausukuma mchi kwa mguu, ukabiringika hadi jikoni.
"Huo," akasema, "umeanguka mara mbili usiku.
Hauwezi kulinda mtu."